Siku moja na wavutaji: mimi weita wa baa Mtwapa

Saa sita mchana. Naripoti kazini. Baa yetu iko na jikoni pia, so mchana ni familia na watu wa ofisi, usiku ndo walevi wetu wenyewe. Kabla hata sijafunga aproni naokota vishungi vya sigara kwenye vyungu vya maua, manake kuna kibao ukutani kinakataza kuvuta, Kiswahili na Kizungu vyote viko, na chini ya kibao hicho hicho ndo vishungi vimejaa. Jamani.

Saa nane. Mama na watoto wake wanakula samaki wa nazi, meza ya nyuma yao kijana anatoa kiberiti. "Kaka samahani, fegi ni kule nyuma." Anazima, anasema pole dada, yameisha. Vijana hawana shida sana, sheria ya tumbaku hapa Kenya ni ya 2007 na ikaanza kazi 2008, wamekua wakiikuta. Kazi iko kwa wale waliozoea ashtrei kila meza.

Saa kumi. Hakuna watu, naegemea kaunta. Hiyo "kule nyuma" ninayowatuma ni banda la makuti na pazia la turubai, na sheria inataka sehemu ya wavutaji itengwe kabisa moshi usifikie wengine. Sasa upepo wa bahari ukigeuka moshi wote unarudi ndani. Halafu nani anaingia humo kuchukua oda, kutoa chupa, kufuta meza? Si mimi? Mteja asiyevuta anakaa mbali na moshi, weita asiyevuta anaingia nao na trei mkononi usiku mzima, na madaktari washasema hakuna moshi wa mwenzio ulio kidogo kiasi cha kuwa salama. Hilo sijawahi kusikia mtu akilizungumzia, hata kwenye mikutano yetu ya staff tunaongea glasi zilizovunjika tu.

Saa moja usiku. Mzee fulani, mteja wa siku zote, anawasha katikati ya baa. "Mzee wangu, fegi nje tafadhali." "We binti, mimi nakunywa hapa hujazaliwa." Faini inafika elfu hamsini au jela miezi sita au vyote viwili, lakini ukimtajia anacheka, anajua siwezi kuita polisi kwa mtu mwenye bili kubwa kuliko meza zote. Meneja naye ghafla anahesabu kreti. Dawa ya mzee kama huyu si kumfukuza, ni kuhamisha bia yake. Nabeba chupa, nabeba na nyama, "Mzee nimekuwekea kiti pale penye upepo, hapa joto," nshaondoka hata hajajibu. Anafuata bia. Wanafuata wote wallahi, hata wenye suti.

Saa tatu. Kundi la wasichana wanataka shisha. Nasema hatuna. Basi hapo naletewa kesi: marufuku ya shisha ya 2017 ilitupwa na mahakama ya Shanzu 2024, utaratibu haukufuatwa. Ni kweli, na Shanzu ni hapa jirani so kila mtu Mtwapa siku hizi ni wakili. Lakini dada zangu, kuvutia ndani ni kesi nyingine, shisha ikiwa na tumbaku ni moshi wa tumbaku tu hata ukiipa ladha ya embe, na makaa yake yana gesi ya sumu juu yake. Wameagiza soda wamenuna.

Saa sita. Tunafunga. Macho yanawasha, nywele zinanuka na nilikuwa nimesuka jana tu. Nikimwambia meneja tuweke zamu za kuhudumia lile banda anajibu "tutaona". Jumamosi kuna bethdei ya watu wengi, washalipa diposti na wameomba wakae huko huko nyuma. Na zamu ni yangu.