Rufiji haujahama mita 300: kusoma ramani ya zamani ya Utete

Ukitandaza ramani ya zamani ya Utete juu ya picha ya satelaiti, huenda ukaona Rufiji umesogea takribani mita 300 kwenda kaskazini. Usikimbilie kusema mto umehama. Kuhama huhama kweli, ila vilima vya ng'ambo ya kusini navyo vikiwa vimesogea kiasi hichohicho, kosa ni la jira, yaani namba za mahali, wala si la mto.

Karatasi nyingi za 1:50,000 za mfululizo wa Y742 zilichorwa kwa datumu (msingi wa kupimia jira) ya Arc 1960, ilhali simu yako inatumia nyingine, WGS84. Soma maelezo ya pembeni kwanza. Ikiwa ni Arc 1960, kwenye QGIS, programu ya ramani, chagua EPSG:21037, yaani namba ya mfumo wa Arc 1960, kanda ya 37 kusini. Anayechagua 32737, ya WGS84, ndiye anayeuhamisha mto.

Skani karatasi ikiwa bapa, kwa dpi 400 (nukta 400 kwa inchi). Pikseli moja itakuwa kama mita 3.2 ardhini. Picha ya simu hupinda kingo, achana nayo. Kisha chukua rula: miraba 20 ya gridi iwe sentimita 40 kamili. Ukipata 39.7, karatasi imesinyaa, na aghalabu haisinyai sawa pande zote mbili. Ndiyo maana pembe nne hazitoshi. Kwenye QGIS, bana makutano 9 au zaidi ya gridi, yaliyotawanyika karatasi nzima, ukiandika jira za kila moja. Nukta moja ikikataa kukaa, mara nyingi umegeuza tarakimu wakati wa kuziandika.

Halafu mwaka. Wengi husoma mwaka wa kuchapwa. Unaotakiwa ni wa picha za ndege zilizotumika kuchora ramani. Zikiwa za kiangazi, mafungu ya mchanga yatakuwa mapana na mto mwembamba, tofauti kabisa na masika. Zikiwa za kabla ya mafuriko ya 1968 na Operesheni Rufiji, vidoti vyeusi bondeni ni nyumba za watu waliohamishiwa vijiji vya juu baadaye. Kontua, mistari ya mwinuko, hazitakusaidia huko: za futi 50 hupita mbali, bonde lote linabaki tupu kana kwamba ni meza.

Daraja la Mkapa usilitafute, lilifunguliwa 2003. Pale Ndundu tafuta kivuko.

Ukishamaliza, pima kingo za mto. Nusu milimita kwenye karatasi ni mita 25, na unene wa wino peke yake unaweza kula sehemu yake. Chini ya hapo, usiandike kwamba mto umehama.