Usiku Mmoja Kando ya Ziwa Mburo

Usiku wa kuamkia Jumapili niliamshwa na sauti ambayo kwa muda sikuitambua. Ilikuwa kama ya mtu anayechana kitambaa kizito, akanyamaza kidogo, kisha akachana tena kwa mwendo uleule, na kila mchano ulifuatwa na pumzi nzito iliyotoka chini kabisa, karibu na ardhi. Mpwa wangu, ambaye ana miaka 14 na hakuwa amewahi kulala mahali pasipo na ukuta, alikuwa ameamka kabla yangu. Alinishika mkono gizani akaninong'oneza, "Mjomba, kuna mtu nje." Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba huyo si mtu, ni kiboko anakula, na kwamba asiwashe tochi wala asiguse zipu ya hema.

Tulikuwa tumeondoka Kampala alfajiri ya Jumamosi kwa barabara ya Masaka. Tulisimama Kayabwe ili mtoto aukanyage mstari wa ikweta, na Lukaya tukanunua gonja za kuchoma, ambazo ziliisha kabla hatujafika Masaka mjini. Baada ya Lyantonde tuliiacha lami, tukashika njia ya vumbi kuelekea lango la Nshara, na kabla hatujalifikia tuliwakuta pundamilia wanakula kando ya njia, wametulia kama mbuzi wa kijijini. Mpwa wangu akauliza kama tulikuwa tumekwisha kuingia hifadhini. Nilimwambia bado, naye akawatazama tena wale pundamilia, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mmoja wetu alikuwa amekosea njia.

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo ina ukubwa wa kilomita za mraba 370 hivi, nayo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za savana nchini Uganda. Hakuna tembo. Anayekuja kutafuta makundi makubwa yanayofunika upeo wa macho ataondoka na kiu yake, lakini anayekubali kukaa kimya atapata mengi. Swala pala wapo kwa wingi, na ni wanyama hao ambao wengi huamini kuwa jiji letu liliitwa kwa jina lao: kilima cha mpala, kwa Kiganda. Nimeishi Kampala miaka mingi nikilitamka jina hilo kila siku, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwenye jina akisimama mbele yangu, masikio yamesimama, mstari mweusi mwembamba ukishuka nyuma ya paja lake.

Kambi yetu ilikuwa ukingoni mwa ziwa. Tulisimamisha hema chini ya mgunga, tukawasha moto, na jioni akaja afande mmoja wa wanyamapori, bunduki begani, kutueleza taratibu za usiku. Alianza kwa Kiingereza, akanisikia nikimjibu mtoto, akahamia Kiswahili papo hapo. Alisema alikijulia mafunzoni, kama askari wengi wa nchi hii, na kwamba nyumbani kwao hakuna anayekizungumza. Maelezo yake yalikuwa mafupi: chakula kisibaki ndani ya hema, na tusikae kati ya kiboko na maji, kwa sababu mnyama huyo akishtuka hukimbilia ziwani, na aliye njiani ndiye hupata madhara.

Kwa hiyo usiku ule, nikiwa nimelala ubavu na mkono wa mtoto ukiwa bado umenishika, nilijaribu kukumbuka ziwa lilikuwa upande gani. Lilikuwa upande wa miguu yetu, na sauti ilitoka upande wa kichwa. Kiboko hutoka majini jua likizama kwa sababu ngozi yake haivumilii mwanga mkali wa mchana, naye huweza kula takriban kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja. Huzikata kwa midomo, wala si kwa meno yale makubwa tunayoyaona kwenye picha. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote siku nyingi, lakini kuyasikia ni jambo jingine: midomo inafunga, nyasi zinakatika, kunatokea utulivu wa kutafuna, kisha hatua moja nzito ambayo niliihisi mgongoni kupitia ardhi kabla ya kuisikia. Mpwa wangu alianza kuzihesabu hatua kwa kunibonyeza kidole. Alipofika 31, sauti ilikuwa imekwisha kutuzunguka na kuteremka upande wa maji, nasi tukapumua.

Asubuhi tulizikuta nyayo, kila moja ina vidole vinne vilivyotanuka kwenye udongo wenye umande. Mtoto alipima kwa miguu yake mwenyewe kutoka kwenye hema hadi unyayo wa karibu zaidi. Zilikuwa hatua tisa. Hakusema kitu, akachuchumaa akaweka kiganja chake ndani ya unyayo ule, na kiganja hakikuujaza.

Safari ya mashua baadaye ilikuwa nzuri: viboko wengi majini, mamba mmoja, furukombe juu ya mti mkavu. Lakini kilichobaki moyoni mwangu ni matembezi ya asubuhi ile, kwa kuwa hapa mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu akiwa na askari. Tulikuwa katikati ya migunga afande aliponyanyua mkono tusimame. Tulisikia mgongano mdogo mkavu, kama wa vijiti viwili, ukija taratibu, na hatimaye akatokea pofu dume, mkubwa kuliko fahali, na kila alipoinua mguu wa mbele goti lake likalia. Wataalamu husema mlio huo hutokana na kano inayoteleza juu ya mfupa, na kwamba dume akiwa mkubwa zaidi mlio wake huwa mzito zaidi, hivyo madume wengine humpima kwa masikio. Alipita mbele yetu bila haraka, nasi tuliendelea kumsikia hata baada ya vichaka kumficha.

Juu ya kilima, ziwa likiwa chini yetu, afande alitusimulia asili ya jina. Zamani bonde lile lilikaliwa na ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Kigarama aliota kwamba hatari inakuja, akamsihi mwenzake wahamie mlimani. Mburo hakusadiki. Maji yakalifunika bonde na yeye akiwamo, ziwa likapewa jina lake, na milima ikapewa jina la nduguye. Mpwa wangu alifikiri, kisha akasema, "Afande, labda Mburo alikuwa na ng'ombe, akaona hawawezi kupanda." Afande hakucheka. Alimjibu kwamba huku kwao hilo ni jibu la mtu mzima.

Lilikuwa jibu zito kuliko alivyojua. Eneo hili lilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, wafugaji waliokuwa wakiishi humo waliondolewa. Serikali ilipoanguka mwaka 1985 walirudi, na wanyama wengi wakauawa, kwa kuwa watu waliona ni kwa ajili ya wanyama hao wao walifukuzwa. Mwaka 1987 mipaka ilichorwa upya na hifadhi ikapunguzwa sana. Leo asilimia 20 ya ada za kuingilia hurudishwa kwa jamii zinazoipakana. Naliona kuwa jambo la haki, ingawa fedha si malisho, na mfugaji anayeamka na kuwakuta pundamilia katika nyasi za ng'ombe wake anastahili kusikilizwa kwanza kabla ya kufundishwa faida za utalii.

Tuliondoka saa nane mchana kupitia lango la Sanga. Kilomita chache nje ya lango tulipunguza mwendo, kwa sababu kundi la ng'ombe wa Ankole lilikuwa likivuka njia, pembe zao ndefu nyeupe zikipishana kwa uangalifu. Katikati yao walikuwamo pundamilia watatu. Kijana mchungaji, mwenye umri kama wa mpwa wangu, alizunguka nyuma ya kundi akiwa na fimbo yake mabegani, akawaswaga ng'ombe, akawapita pundamilia bila kuwagusa. Mpwa wangu alishusha kioo, akazima redio, akasikiliza kwato hadi za mwisho zilipovuka.