Siku Moja Kwenye Maabara ya Kambi ya Kipindupindu

Saa 1:00 asubuhi. Vijiti vya kipimo cha haraka vinatolewa kwenye friji. Pakiti inataka nyuzi 4 hadi 30, na pwani mchana chumba huvuka 30. Lakini pakiti ya baridi haichanwi: unyevu wa hewa hutua kwenye utando wa kijiti na rangi ikapanda kwa mabaka. Ziache mezani nusu saa, kisha chana moja tu, sampuli ikiwa tayari.

Saa 2:00. Sampuli zinaingia. Swali la kwanza kwa nesi: beseni la kinyesi lilisuuzwa baada ya klorini? Klorini iliyobaki inaua bakteria, na hapo kuotesha, yaani kuwakuza maabara, kumeshindikana kabla hakujaanza. La pili: mgonjwa ameshameza doksisaiklini? Sampuli nzuri huchukuliwa kabla ya dawa. Matibabu, hata hivyo, hayangoji maabara. Maji ya chumvichumvi na dripu vinaendelea.

Saa 2:30. Hatukimbilii kuchovya kijiti. Mililita 1 ya kinyesi inaingia kwenye mililita 9 za maji ya peptoni yenye alkali (lishe ya kukuzia bakteria), pH 8.4 hadi 8.6, kisha kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa 6. Vibrio, bakteria wa kipindupindu, anastahimili alkali. Wengi wa bakteria wenzake wa tumboni wanazidiwa. Zanzibar mwaka 2009, kijiti kilichochovywa moja kwa moja kwenye kinyesi kiliwanasa wagonjwa wengi wa kweli, ila kilitoa pia chanya nyingi ambazo kuotesha hakukuzithibitisha. Saa hizo 6 zinapunguza kelele hiyo, nasi tunaona zinastahili kungojwa.

Saa 8:30 mchana. Chupa zinatoka, na hapa ndipo mikono yenye haraka inapoharibu kazi: usitikise. Vibrio hupenda hewa, hukusanyika juu kama utando mwembamba. Vuta na pipeti kutoka juu kabisa, matone 4, karibu maikrolita 200, ndani ya kitubu. Chovya kijiti, mshale ukielekea chini, washa saa ya dakika.

Kimiminika kinapanda kikibeba chembe ndogo mno za dhahabu zilizofungwa kingamwili. Zikikutana na sukari-mafuta ya ganda la Vibrio O1, mojawapo ya aina mbili ambazo kijiti hutafuta, zinanaswa kwenye mstari wake na wekundu unajitokeza.

Saa 8:50. Soma kati ya dakika 15 na 20, chini ya taa nzuri. Mstari hafifu ni chanya. Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kijiti kinafanya kazi, usipotokea, kijiti hakina jibu, hata kama mwingine umewaka. Rudia na kipya. Kilichokauka kwa nusu saa hutoa vivuli vya uongo, kitupwe bila kujadiliwa. Na mstari wa O139, ile aina ya pili, ukiwaka peke yake, shuku kwanza: aina hiyo ni ya Asia.

Saa 10:00. Kutoka juu ya chupa zilezile, kitanzi kimoja kwenye sahani ya TCBS, agari ya kumchuja Vibrio. Kesho, baada ya saa 18 hadi 24, tunatafuta makoloni (vikundi vya bakteria) ya manjano. Kipimo cha oksidasi, kimeng'enya kinachosaidia kumtambua Vibrio, hakifanywi juu ya makoloni ya TCBS. Yahamishiwe kwanza kwenye agari ya kawaida.

Saa 11:00 jioni. Benchi linafutwa kwa klorini ya asilimia 0.5. Sampuli za maabara ya rufaa ziko ndani ya Cary-Blair, lishe ya kusafirishia sampuli, joto la chumba, bila barafu. Dereva anakumbushwa tena, maana Vibrio akipoa sana hufa njiani.