Kulitia mota goti la mashine ya milingi

Mashine ya milingi, yaani ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, tuliyonayo karakanani hapa Chang'ombe, Dar es Salaam, ni ya umbo lile ambalo Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom waliliingiza sokoni mwaka 1938 katika mji wa Bridgeport, Marekani, na ambalo viwanda vingi, hasa vya Taiwan, vimeliiga: nguzo nyuma, kichwa chenye spindeli (mhimili unaozungusha kisu) juu, na mbele yake goti linalopanda na kushuka likiwa limebeba meza. Mhimili wa X na wa Y, yaani mwendo wa meza kushoto-kulia na mbele-nyuma, niliutia mota mwaka jana bila taabu ya kusimulia. Goti nililiahirisha kwa miezi minane, kwa kuwa kila fundi aliyelitazama alitikisa kichwa na kusema kwamba hakuna mota ya stepa, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo kwa amri ya kompyuta, itakayoliinua.

Kuliinua, kumbe, ni hesabu tu. Goti, meza, jiriwa na kazi iliyofungwa juu yake nilivikadiria kuwa kilo 400, yaani uzito wa takriban newtoni 4,000. Skrubu hupandisha milimita 5 kwa mzunguko mmoja, na gia mbili za pembe zinazoiunganisha na hendeli hupunguza mwendo kwa nusu, hivyo mzunguko mmoja wa hendeli huinua goti kwa milimita 2.5. Nilichukulia kwamba ni asilimia 20 tu ya nguvu inayoufikia mzigo, nyingine ikiliwa na msuguano, nikapata nguvu ya kuzungusha ya newton-mita 8 kwenye hendeli. Kwa puli ya meno 24 kwenye mota na ya meno 72 kwenye shafti ya hendeli, mota inadaiwa chini ya newton-mita 3. Niliyoifunga ina newton-mita 8.5 inaposhikilia pasipo kuzunguka. Lakini kwa kuwa mota za namna hiyo hulegea kadiri kasi inavyoongezeka, niliiwekea kikomo cha milimita 500 kwa dakika, ambacho ni sawa na mizunguko 600 ya mota.

Taabu yote ilikuwa kwenye kushuka, jambo ambalo hakuna aliyenionya. Mota huivuta skrubu, lakini haivuti goti. Goti hufuata kwa uzito wake lenyewe, na reli linazotelezea kwenye nguzo zikiwa na grisi kuukuu iliyoganda, au kabari inayolibana kwenye reli hizo ikiwa imekazwa kupita kiasi, hukwama kwanza kisha hushuka kwa mkupuo. Niliweka geji ya mshale juu ya meza, nikaamuru lishuke kwa milimita 0.05 kila mara: mara ya kwanza mshale haukusogea, mara ya pili haukusogea, ya tatu ukaruka 0.12. Nilisafisha reli, nikaziwekea oili badala ya grisi, nikalegeza kabari kidogo, na mruko ukapungua sana ingawa haukuisha. Ndiyo sababu nilikataa ushauri wa kuweka springi za gesi chini ya goti ili kuisaidia mota, kwa kuwa uzito ule ule unaoonekana kuwa mzigo ndio unaolisukuma goti lishuke pamoja na skrubu bila kuacha nafasi kati ya meno ya skrubu na ya nati.

Nafasi iliyobaki ni ya gia za pembe. Skrubu hujizuia yenyewe kwa msuguano, kwa hiyo uzito wa goti haufiki kwenye gia hizo, na hendeli huzunguka digrii 12 hivi bila kuamsha kitu kila mwendo unapogeuka. Hiyo ni milimita 0.08 inayopotea. Ningeweza kuiachia LinuxCNC, programu ya kompyuta inayoongoza mota, iifidie, lakini nimechagua kuandika programu zangu ili goti lishuke nusu milimita chini ya kimo kinachotakiwa, kisha lipande kukifikia, kwani njia hiyo hutibu mlegeo wa gia na mkwamo wa reli kwa pamoja.

Uelekeo nao una mtego wake. Kwenye Z, yaani mhimili wa juu-chini, goti linapopanda namba hupungua, kwa sababu kinachohesabiwa ni mahali kisu kilipo kuhusiana na kazi. Nililigeuza hilo kichwani mwangu, nikavunja kisu kimoja cha milimita 10, na siku hiyo hiyo nikaweka swichi za kikomo juu na chini.

Hendeli niliing'oa. Kuiacha izunguke mara 200 kwa dakika karibu na kiwiko cha mtu ni kutafuta mfupa wa kuvunja. Mashimo ninatoboa kwa kwili, ile sehemu ya kichwa inayoshusha spindeli kwa mkono, kama zamani, kwa sababu kupandisha na kushusha kilo 400 kwa kila shimo ni upuuzi. Goti nimeliachia vimo na visu vya urefu tofauti. Wiki iliyopita umeme ulikatika katikati ya kazi, na nilipoangalia geji, goti lilikuwa palepale, bila breki yoyote. Ilinibidi tu kulirudisha kwenye swichi ya juu ili kompyuta ijue upya lilipo, kisha nikaendelea.