Neno Dogo Lenye Maana 645

Ukiwauliza watu ni neno gani la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko mengine, wengi watafikiria neno refu la kitaalamu, ilhali maneno marefu kwa kawaida huwa na maana moja tu na hayatoki nje yake. Katika toleo la pili la kamusi ya Oxford English Dictionary, lililochapishwa mwaka 1989 katika majuzuu 20, kitenzi "set" ndicho kilichoongoza, kikiwa na maana 430. Baadaye, wakati wa kuandaa toleo la tatu, mtunzi wa kamusi Peter Gilliver alitumia takribani miezi tisa kukichambua kitenzi "run", akafikia maana 645.

Mwanafunzi hufundishwa kwamba "run" ni kukimbia, kisha anakutana na pua, barabara, mkataba na kiwanda, vyote vikitumia kitenzi hicho hicho, naye anaona kwamba hapa hakuna mantiki yoyote. Mimi naamini mantiki ipo, na ni ya kupendeza. Kiini chake ni mwendo usiokatika: mto unatiririka, makamasi yanachuruzika, mkataba unaendelea hadi siku ya mwisho wake, na barabara, ingawa haisogei, jicho linaifuata kutoka mwanzo hadi mwisho kana kwamba inasafiri.

Kiwanda kinahitaji maelezo zaidi. Hapo kale Kiingereza kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana, kimoja cha kukimbia na kingine cha kukifanya kitu kikimbie, na baada ya muda vikaungana kuwa kimoja. Msemaji wa Kiswahili analielewa jambo hili upesi, kwa kuwa sisi tunaitunza tofauti hiyo kwa kiambishi tunaposema kimbia na kimbiza, au enda na endesha. Kwa hiyo Mwingereza anayesimamia kampuni anatumia "run" pale ambapo sisi tunasema anaiendesha. Zilipokuja injini za mvuke, kisha umeme, kisha kompyuta, kila mtambo ulihitaji kitenzi cha kuelezea utendaji wake, na hiki kilikuwa tayari. Nadhani hapo ndipo kilipolipita "set", ambalo asili yake ni kuketisha na kuweka kitu mahali pake.

Siasa nayo ina lake. Mmarekani anayewania kiti husemwa kwamba anakimbia, ilhali kwa desturi ya Uingereza husemwa kwamba anasimama. Kwa Kiswahili anagombea, na kwa maoni yangu neno letu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kwamba kuna wapinzani. Kwenye benki maana inarudi miguuni: wenye akiba wanapoingiwa na hofu na kukimbilia kutoa fedha zao kwa wakati mmoja, hali hiyo huitwa "run", na ni hali ya namna hiyo iliyomfanya Rais Franklin Roosevelt azifunge benki zote za Marekani kwa siku kadhaa mwezi Machi 1933.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye kriketi. Humo "run" ni nomino, pointi ambayo wapigaji hujipatia kwa kukimbia kutoka upande mmoja wa njia ya kuchezea hadi mwingine. Hata hivyo, mpira uliopigwa ukivuka mpaka wa uwanja, timu hupewa pointi nne, au sita ikiwa haukugusa ardhi, na pointi hizo pia huitwa "run", ingawa hakuna aliyelazimika kukimbia hata hatua moja.