Taa ya injini imezimika, sensa haijabadilishwa

Wenye magari ya zamani mnaijua ile taa ya njano ya injini. Langu la mwaka 2004 liliwasha, likaanza na kutetemeka kila nikisimama kwenye foleni. Fundi wa kwanza akachomeka mashine, ikasoma msimbo wa hitilafu P0171, akatamka papo hapo: "Bosi, sensa ya oksijeni imekufa." Bei aliyotaja, acha tu.

Sasa P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi petroli kwenye mchanganyiko. Sensa ndiyo imetoa taarifa, na ukimfukuza mlinzi aliyepiga filimbi mwizi bado yumo ndani.

Nikaenda kwa mzee mmoja asiye na haraka. Yeye hakuishia kwenye msimbo, akafungua namba za kompyuta ya gari injini ikiunguruma. Gari likiwa limetulia, kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 20. Akakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, namba ikashuka karibu na sifuri. "Hewa inaingia kwa wizi," akasema. Injini ikitulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo linaonekana kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena.

Akapitisha mkono nyuma ya manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye injini, akaubana kwenye kona mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa injini ukachomwe. Mtetemo ukakata hapohapo! Mpira ulikuwa mkavu kama ganda, umepasuka kwa chini usikoonekana. Mpya ni bei ya chipsi kuku.

Fundi wa kwanza kanipigia leo. Eti kanipatia sensa ya mtumba, safi kabisa.