Kilti ya mgeni kwenye magoti yangu

Ile kilti, sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa Uskoti, ililetwa kwangu siku moja kabla ya harusi, imekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Wenyewe wametoka Uskoti, kijana wao anaoa Shela, hapa Lamu, na mshono wa mkanda wa kiunoni wa babake bwana harusi ulikuwa umefumuka safarini. Mafundi cherehani wawili walikataa kuigusa. Wakaelekezwa mtaa wa Langoni, kwa yule mama anayedarizi kofia.

Nikaipakata. Ni sufu nzito, yadi nane kwa maneno ya mwenyewe, na sehemu kubwa imelala nyuma katika marinda. Nilipoyafunua kutafuta uzi ulikokatikia, nikabaki nikiyatazama. Aliyeishona ameyakunja kwa hesabu, hata yakilala, mistari ya kijani na buluu yaendelea kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Na marinda yote yameshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyokaribiana. Mimi hukaa miezi miwili na zaidi juu ya bafta ya kofia moja, nikizungushia uzi vitundu vidogo kimoja kimoja. Kazi ya mtu aliyeinama naitambua.

Ami yangu, ameketi dakani na kikoi chake cheupe chenye taraza, akasema, "Shona vizuri, mwanangu. Kumbe na wao wavaa kikoi!"

Nikiwa nashona, mgeni aliiona kofia niliyoiacha nusu. Akamwuliza binti yangu, aliyekuwa akitutafsiria, kama mtu asiye Mwislamu wala si wa pwani anaruhusiwa kuivaa, au atatuudhi. Nikamrudishia swali lake: je, mwanangu wa kiume, mtoto wa Lamu, akivaa hii kilti?

Akasema angemfunga mkanda yeye mwenyewe. Kisha akatusimulia, naye alisimulia kama mtu anayeeleza msiba wa nyumbani. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, waliposhindwa waasi wa Uskoti, serikali ya London ilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi yale ya nyanda za juu. Kosa la kwanza ni kifungo cha miezi sita, la pili ni kupelekwa ng'ambo miaka saba. Askari wa mfalme peke yao ndio walioruhusiwa. Sheria ikadumu mpaka 1782. Halafu, mwaka 1822, Mfalme George wa Nne akaja Edinburgh naye amevaa kilti! Nguo iliyowafunga watu imekuwa pambo la mfalme. Hata hizo rangi za kila ukoo, ziitwazo tartani, nyingi zilipangwa na kupewa majina zama hizo, na wafumaji waliokuwa na soko la kulisha. Siku hizi serikali yao ina daftari la tartani, tangu 2009, na mtu yeyote anaweza kubuni yake akaisajili. Hakuna sheria inayomzuia mgeni kuvaa.

Nilimwelewa, maana sisi nasi hivyo. Zamani kisiwa jirani cha Pate kilisifika kwa vitambaa vyake, hata Wareno wakaviandika. Ufumaji ule umekufa. Vikoi tunavyovaa leo Lamu hufumwa kwingine, na bado ni vazi letu, kwa sababu wanaume wetu hulala navyo, huvua navyo samaki, na hukaa navyo barazani. Kinachoniuma ni jambo jingine. Miaka ya 2006 na 2007 kampuni moja ya Uingereza iliomba jina la kikoi, kwa tahajia yao, lisajiliwe huko liwe mali yake. Watu wakapinga, ombi likaanguka. Lakini fikiria lingepita! Mfumaji wa Kenya angepeleka kikoi kule akakatazwa kukiita kikoi. Mzungu kuvaa kikoi ufukweni hakujanipunguzia kitu hata siku moja. Jina likichukuliwa, ndipo nimenyang'anywa.

Vivyo hivyo kofia za mashine zinazouzwa kwa wageni kuwa ni za mkono za Lamu. Hizo zinakula chakula cha wanangu.

Basi nikamjibu mgeni: vaa. Ila kofia hii huendana na kanzu, msikiti na maulidi. Usiivae kifua wazi, na ukiulizwa, sema imedariziwa Lamu na nani. Akaandika jina langu kwenye kijitabu, akaniomba nimtajie tena herufi kwa herufi.

Kaka yangu hakukubaliana nami. Yeye asema kofia ikishaingia kwenye begi la mtalii imeshakuwa kinyago. Tumebishana siku tatu, na sijamshinda.

Mkanda nilimaliza baada ya magharibi, kwa uzi wa buluu wa kofia. Fedha ya mshono sikuitaka. Nimempima kichwa kwa kamba. Kofia yake itakuwa tayari Mwenyezi Mungu akipenda kabla ya Ramadhani.